Picha ya Mwalimu Haijalipiwa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujafika ukurasa huu, usihuzunike. Mikosi yangu hufupishika. Ni mirefu kuiishi tu.

Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea, maana yake namtegemea kila mtu. Mtaani wananiita Flashi. Nimepiga picha za harusi, bwana harusi akaondoka na mke pamoja na salio langu. Nimepiga za mahafali ya mafundi cherehani, nikalipwa gauni ambalo halikunipita mabegani. Nimempiga picha mgombea, akashindwa uchaguzi, akasema sura niliyoipeleka kwa wananchi haikuwa yake, kwa hiyo halipi.

Ndipo Shangazi akaniwekea sheria.

Shangazi ana saluni mbele ya nyumba, mimi nalala chumba cha nyuma, na hapo katikati hupita habari za mtaa mzima. Saluni ile haina redio. Akikaa mteja mmoja kwenye kiti, watano wamemsindikiza kusikiliza.

"Unalipwa mara tatu," alisema siku hiyo, kitana kikiwa mdomoni. "Theluthi siku mnapokubaliana. Theluthi siku ya kazi, kabla hujafungua kifuniko cha lenzi. Theluthi ya mwisho kabla picha haijatoka mkononi mwako."

"Na akisema hana?"

"Basi na wewe huna kamera."

Saluni ikacheka. Mke wa fundi bomba, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akadakia: "Na umdai asubuhi. Ikifika jioni kila mwanamume ni maskini."

"Usimdai mbele ya mkewe," akasema mwingine. "Ataanza ubabe."

"Mdai mbele ya mama yake," Shangazi akafunga hoja. "Hapo atakulipa na la mwaka juzi."

Nikayaandika yote nyuma ya bahasha. Kitu kimoja tu sikuandika, kwa kuwa hakuna aliyekitaja. Risiti.

Mtu wa kwanza kupimwa kwa sheria hiyo alikuwa Bwana Kesho.

Bwana Kesho anauza saruji na mabati. Ana gari, ana kitambi, na ana neno moja. Ukimdai, kesho. Ukimpelekea mzigo, fedha kesho. Nadhani hata ukimwambia shikamoo, marahaba yake utaifuata kesho.

Alitaka picha za baba yake akitimiza miaka themanini. Na baba yake ni Mwalimu, aliyetufundisha hesabu nusu ya mtaa huu, mimi nikiwemo. Mzee wa suti moja na viatu vya kung'aa, ambaye jina lake halijawahi kuandikwa kwenye daftari la mkopo la duka lolote. Siku moja alipungukiwa sarafu moja dukani, akavua saa ya mkononi akaiacha kama dhamana. Muuza duka alilia kwa aibu.

Basi Bwana Kesho akanitolea theluthi ya kwanza papo hapo. Nilishtuka, nikataka kumuuliza kama anaumwa.

"Niandikie risiti, dada."

"Ya hii theluthi?"

"Aa, andika tu ya yote, umalize mara moja. Mzee wangu anapenda karatasi. Nimwonyeshe, roho yake itulie. Salio utalipata, kwani nahama?"

Nikaandika: *Nimepokea malipo yote.* Nikatia saini ile yangu yenye mkia, nikatia na tarehe. Mkono wangu ukishaona furaha, hauulizi kichwa.

Siku ya sherehe nikasimama mlangoni, kifuniko kikiwa kwenye lenzi.

"Theluthi ya pili, bosi."

"Kesho, dada. Leo tule keki."

"Basi na kifuniko kitafunguka kesho."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu! Nilisimama imara kama nguzo ya umeme, mpaka Mwalimu aliponiona kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unalia kwenye hesabu za sehemu?" akaita. "Njoo hapa. Moja kutoa theluthi moja, inabaki nini?"

"Theluthi mbili, Mwalimu."

"Umechelewa miaka ishirini, lakini umepata. Haya, nipige picha kabla mshumaa haujaisha, maana sijui nani anaisha kwanza."

Nani angebaki na kifuniko? Nikafungua. Nikampata akicheka, mkono mmoja kwenye goti, macho yamejaa. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Dakika tano baadaye mjukuu mmoja akaimwagia kamera chupa nzima ya soda. Kamera ikakohoa mara mbili, ikazima.

Picha zikapona. Kamera ikaenda kwa Fundi.

"Kipuri chake nimekinunua kwa fedha zangu," Fundi alisema, akiipangusa kamera yangu kama mtoto wake wa kumzaa. "Nakusubiri mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri. Usipokuja, kuna mtu wa studio ameshaipenda."

"Fundi, hiyo ndiyo jembe langu."

"Na mimi ndiyo mavuno yangu, Flashi."

Nikapiga mahesabu. Theluthi mbili za Bwana Kesho zilitosha kuikomboa kamera, na zikabaki za sabuni. Zikipatikana, mimi ni mpiga picha. Zisipopatikana, mimi ni mpwa anayefagia nywele saluni.

Hapo ndipo nikajiona mjanja.

Wapiga picha wengine, wakimtumia mteja picha za kuchagua, huandika majina yao juu yake ili asizitumie bila kulipa. Mimi nikaona jina halimtishi mtu, na langu ndiyo kabisa. Nikaandika neno moja jekundu, kuanzia bega moja mpaka bega la pili: HAIJALIPIWA. Chini yake, namba yangu ya simu. Nikamtumia Bwana Kesho picha zote arobaini, kila moja na muhuri wake kifuani. Akilipa, apate safi.

Akajibu kwa alama ya kidole gumba. Kisha zikafuata wiki tatu za kesho.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Sasa vuta kiti.

Jumatano asubuhi simu yangu iliwika. Mlio wake ni wa jogoo. Niliuweka ili nisikose mteja hata nikiwa bafuni. Alikuwa Bwana Kesho. Moyo ukaruka. Mtu wa kesho akikupigia mwenyewe, leo imefika.

"Dada," sauti ilikuwa imekwaruza, "Mzee ametutoka alfajiri."

Nikakaa chini. Mwalimu? Yule niliyemwona juzi tu akimfokea muuza magazeti kwa kumzidishia chenji?

"Nitumie ile picha yake anayocheka," akaendelea. "Ile safi, bila maandishi. Ya kuweka mbele ya jeneza."

Msomaji, nikikudanganya hapa sina sababu ya kuandika. Kinywa changu kilisema pole sana. Kisha bahasha ile ya sheria ikanijia machoni, na kinywa hicho hicho kikaongeza: "Salio kwanza, bosi."

Akakata simu.

Nilipoinua uso, saluni nzima ilikuwa inanitazama kupitia kioo.

"Umemwambia nini mtu aliyefiwa na baba?" Shangazi akauliza.

"Shangazi, si sheria yako? Kabla picha haijatoka mkononi..."

"Sheria ni yangu. Akili nilidhani ni yako."

"Ijumaa Fundi anauza kamera!"

"Na Ijumaa wanamzika Mwalimu. Deni halidaiwi juu ya jeneza, we mtoto. Mtumie picha sasa hivi."

Nikatuma. Haikufika. Nikapiga, haipatikani. Bwana Kesho alikuwa amezima simu, kwa sababu kila mtu anayemdai alijua leo atakuwa nyumbani kwao. Nikatuma tena jioni, nikatuma Alhamisi mara nne. Picha safi ya Mwalimu ikabaki simuni kwangu, inazunguka zunguka kama mgeni asiyejua mlango.

Ijumaa saa nane tulikuwa msibani, mimi na Shangazi. Niliapa sitadai. Nilikwenda kumwaga machozi kama mwanafunzi, basi. Pale mezani palipokuwa na bahasha kubwa ya rambirambi, nikatumbukiza noti yangu ya mwisho. Shangazi akaniona, akaniminya mkono. "Hapo sasa umefanya jambo," akanong'ona.

Tukakaa safu ya tatu. Mbele kuna jeneza. Kando yake, kwenye fremu ya kusimama, Mwalimu mwenyewe, mkubwa kama mlango, anacheka, mkono kwenye goti.

Picha yangu.

Alama ya kidole gumba alinipa, salio hakunipa, picha safi haikumfika. Hii aliitoa wapi?

"Mbona wamemvisha maua mpaka kidevuni?" Shangazi akauliza kwa chini. "Utadhani ndiye bi harusi."

Kweli. Shada zito la maua lilikuwa limening'inizwa kwenye fremu, kuanzia bega moja mpaka bega la pili. Hapo nikajua. Chini ya maua yale nilikuwa mimi.

"Shangazi, tuondoke."

"Tuende wapi, na mnenaji ndiyo kwanza anasimama?"

Mnenaji alikuwa mwalimu mwenzake na marehemu, mzee mwenye sauti ya kujaza kiwanja kizima. Akaeleza shule alizofundisha. Akaeleza saa aliyoiacha dukani. Watu wakatikisa vichwa, wakafuta machozi.

"Ndugu waombolezaji!" akanguruma. "Huyu bwana hakuwahi kudaiwa na mtu! Ameondoka duniani mweupe kama chaki! Mtazameni!"

Akaigonga fremu kwa kiganja kusisitiza.

Shada likaanguka.

HAIJALIPIWA.

Kwenye simu lilikuwa neno dogo kama sisimizi. Kwenye picha ile kila herufi ilikuwa na ukubwa wa sahani.

Safu za nyuma zikaanza.

"Haijalipiwa nini?"

"Labda nyumba."

"Labda ada ya wajukuu."

"Kumbe naye! Na tulivyokuwa tunamuogopa!"

Seremala aliyechonga jeneza akasimama, kofia mkononi. "Afadhali," akasema, akidhani anasema moyoni. "Nilidhani nimekopwa peke yangu."

"Kwani na wewe umeambiwa kesho?" akauliza mwenye maturubai.

Bwana Kesho alikuwa ameziba uso mzima kwa leso. Leso ile ilikuwa kavu.

Mama Mwalimu, mjane, akainuka taratibu kwenye kiti chake. Mama huyu hana haraka. Miaka hamsini ameishi na mwalimu wa hesabu. Akavaa miwani. Akalisoma neno. Akasoma na kilichoandikwa chini yake. Kisha akamgeukia mnenaji.

"Shemeji, una simu? Piga hii namba." Akaitaja, tarakimu moja moja, kama imla.

Nikaingiza mkono mkobani kuizima yangu. Mkobani kuna funguo, kuna kitambaa, kuna chaja, kuna kila kitu isipokuwa simu.

Kokorikooo!

Msiba mzima ukageuka. Kokorikooo! Hata Shangazi akasogeza kiti chake kidogo pembeni, kama mtu anayempisha mgeni.

"Njoo, mwanangu," Mama Mwalimu akaniita.

Nikaenda. Hatua kumi tu, lakini nilitembea mpaka nikachoka.

"Wewe ndiye uliyemwandika mume wangu hivi?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Yalikuwa maandishi ya... ni utaratibu wa kazi. Kabla mteja hajamaliza kulipa."

"Hajamaliza?" Akafungua mkoba wake mweusi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mume wangu alitoa fedha hizo zote kabla ya sherehe. Alimpa mwanawe akuletee, akamwambia asirudi bila karatasi. Karatasi ni hii. Nisomee hapa."

Nikasoma. *Nimepokea malipo yote.* Saini yenye mkia. Tarehe.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu, mama."

Hapo kikanuka.

"Mwizi!"

"Alipwe mara mbili, tena na marehemu!"

"Ndiyo maana hata yale mahafali alinitoa macho yamefumba!"

Shangazi alishanifikia mgongoni. "Ulitia saini?" akanong'ona.

"Nilitia."

"Ya fedha yote?"

"Na tarehe."

Shangazi akafumba macho. "Basi leo tumekuja na magari tofauti," akasema, na hatukuwa na gari hata moja.

Nikamtazama Bwana Kesho. Leso ilishuka kidogo, na juu yake macho mawili yakawa yananiomba. Sijawahi kuona mtu akisema tafadhali bila kusema kesho.

Nikaona njia mbili, zote za miiba. Nikisema, namvua nguo mtu mbele ya jeneza la baba yake, na namchoma mama ambaye leo hana nafasi ya kidonda kingine. Nikinyamaza, mimi ndiye mwizi wa marehemu; nani tena ataniita kumpiga picha mtoto wake? Ukutani barazani kwa Mwalimu kulikuwa na saa. Saa kumi kasoro dakika ishirini. Dukani kwa Fundi ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu anayekimbia.

Na Mwalimu ananicheka tu, mkono kwenye goti. *Moja kutoa theluthi moja, inabaki nini?*

"Nijibu, mwanangu," Mama Mwalimu akasema polepole. "Mbele ya mwalimu wako. Ulilipwa, hukulipwa?"

"Nililipwa theluthi, mama," nikasema, na sauti ikatoka kama ya darasa la nne. "Zimebaki theluthi mbili."

Mama hakunigombeza. Aligeuza kichwa tu, akamtazama mwanawe.

"Theluthi mbili za baba yako ziko wapi?"

Bwana Kesho akatazama jeneza, akatazama maturubai, akatazama mbingu.

"Mama," akasema, "hilo tutaliongea kesho."

Masikini. Nadhani halikuwa jibu, lilikuwa mazoea. Lakini seremala alilisikia, mwenye maturubai akalisikia, mwenye viti akalisikia, na ukatoka mguno mmoja kutoka safu zote, mguno wa watu waliokutana ghafla na jamaa wanayemfahamu vizuri.

Mama Mwalimu akavua miwani.

"Kesho baba yako atakuwa chini ya udongo," akasema. "Neno hili haendi nalo. Lipa. Sasa. Na mimi nikiona."

Shangazi wangu! *Mdai mbele ya mama yake.* Sheria imefanya kazi!

Bwana Kesho akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa suruali. Vikatoka funguo za gari, peremende mbili, na orodha ya bei za mabati. Jasho likamtoka. Kisha macho yake yakatua mezani.

Akaenda, akaichukua bahasha ya rambirambi, iliyonona, imefungwa kwa utepe mweusi. Akarudi nayo mbele ya watu wote, akanyoosha mkono.

"Chukua chako, dada," akasema. "Yaishe."

Pale ndani kuna noti ya kila mtu aliyekaa chini ya turubai lile. Kuna ya Shangazi. Kuna na yangu.

Mama Mwalimu akanitazama tu, kama wanavyotazama walimu na wake zao: jibu wanalijua, wanasubiri la kwako. Nyuma yangu nikasikia viatu. Seremala amekuja kupanga foleni. Nyuma yake mwenye maturubai. "Mimi wa tatu," akasema mwenye viti.

Saa kumi kasoro kumi na mbili.

Shangazi alinifundisha nidai lini, nidai vipi, nidai mbele ya nani. Kupokea hakunifundisha.

Nikatazama chini. Mkono wangu, ule usiouliza kichwa, ulikuwa umeshanyooka.